Vumbi la Guelord

Guelord alisimama nje ya lango la zoo akiwa amevaa shati lake la misa, ingawa ilikuwa Jumatano. Alikuwa amesugua mikono kwa sabuni na mchanga mpaka vidole vikachubuka. Lango lilikuwa wazi. Hakuingia.

"Mama Ernestine, Kadogo ameamuka namna gani?"

"Analala tu," mama akajibu bila kumtazama. "Bakia kulekule."

Kadogo alikuwa kifaranga wa korongo mwenye taji. Guelord, mchimbaji wa shaba katika machimbo madogo, ndiye aliyemwokota kando ya Lualaba, karibu na Nzilo, akamleta mpaka zoo hii ya Dilala ndani ya kofia yake, akitembea kichwa wazi juani. Zoo ilikuwa ndogo, na Mama Ernestine ndiye aliyelea wanyama wote wasio na mama. Kila jioni aliloweka unga wa mahindi na dagaa kwa maji ya ndimu, vilainike mpaka asubuhi ndani ya bakuli la marehemu mume wake, lile alilopewa na kampuni siku ya kustaafu. Hakuna mtu aliyewahi kula humo.

"Kadogo ni mufalme," mama alisema. "Akule mu kyombo ya bafalme."

Siku zile za kwanza, kila alipotoka machimboni Guelord alipitia kumwona. Kifaranga alimkimbilia, akamdonoa mikono ya koti, akicheza na vumbi la kijani lililoganda pale.

Kisha Kadogo akaanza kulegea. Shingo ikamlemea, miguu ikakataa kusimama. Dokta Josée, daktari wa wanyama, akampima damu, na majibu yalipotoka akaja nayo mwenyewe.

"Shaba imemuingia mingi," akasema. "Anaipatia wapi?"

Wote wakageuka kulitazama koti la Guelord. Ilikuwa Jumapili, wageni wamejaa, watoto wanatafuna karanga.

"Weye njo unamuua!" Mama Ernestine akapaza sauti. "Ulimuokota juu ya kumulisha sumu? Toka na vumbi yako!"

"Huyu anachimba mpaka mu tumbo ya ndege!" mgeni mmoja akadakia, na watu wakacheka.

Guelord akainamisha kichwa. Hakujitetea. Alisadiki kuwa ni vumbi lake.

Dokta akaondoka na Kadogo, akamtunza kwake kwa sindano, na kule kifaranga akasimama, akala, akalia kwa sauti. Mama akamrudisha zoo akiimba njia nzima. Tangu hapo Guelord hakupita bila kuoga na kuvaa shati la misa. Alibaki langoni, akaacha chupa yenye panzi aliowakamata mwenyewe. Mama aliitupa bila kuifungua.

Na sasa Kadogo alikuwa ameanguka tena.

"Uliingia wakati mi siko," Mama Ernestine akamwambia pale langoni. "Sema kweli."

"Hapana, mama. Sikuingia." Guelord akatazama vidole vyake. "Lakini pengine ni pumuzi yangu. Ile vumbi iko mpaka mu kifua. Pengine ata kusimama hapa ni mubaya."

Mama akampa mgongo.

"Basi sitakuja tena. Munisamehe, mama." Akageuka, akashika njia ya Kapata.

Hakuwa amefika mbali pikipiki ilipomleta Dokta Josée. Dokta akapiga magoti kando ya sanduku la Kadogo, akamgusa kifua, akatoa dawa haraka.

"Mapigo ingali inapiga. Tumunyweshe sasa. Munipatie kyombo safi, mama, nikoroge dawa."

Mama Ernestine akafuta machozi, akakimbilia jikoni. Dokta hakuwahi kufika huko. Mama akamwaga chakula kilicholala, akasugua bakuli la marehemu kwa ndimu na majivu. Dawa ya Kadogo haingetiwa katika chombo cha hivihivi. Akalileta kwa mikono miwili.

Dokta Josée akalipokea. Hakukoroga dawa. Akaliinamisha kwenye mwanga: likawaka wekundu wa shaba, na kwenye ukingo wa ndani, mahali ambapo majivu hayakufika, palikuwa na utando wa kijani, rangi ileile ya koti la Guelord. "Ndimu inakula shaba, mama," akasema.

Mama Ernestine akakimbilia langoni. Shati la misa lilikuwa bado linaonekana, dogo, mwisho wa barabara. Akafungua kinywa amwite.