Vitanda Viwili vya Boti

Ansgar alisimama nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akakohoa, akasubiri.

Ndani kigoda kilianguka. Nyayo zikakimbia. Mlango wa jikoni ukafungwa. Hapo ndipo akaingia.

Mama mkwe wake, Mama Generoza, alikuja Ushirombo kumsaidia binti yake kulea mtoto mchanga. Mtoto huyo, Esta, sasa alikuwa akienda kisimani peke yake, na bibi bado yupo. Adabu ya kwao ilikataza mkwe kula na mama mkwe, kukaa naye chumba kimoja au kumtazama usoni. Basi Ansgar alikula kibarazani na kuku. Akitaka chumvi alimwambia mkewe, mkewe akamwambia mama, na chumvi ilifika ugali umekwisha.

Mwaka huo wa sabini na sita ndipo Gregory alipotokea. Yeye na Ansgar walisoma pamoja misheni. Siku hizi Gregory alikuwa Kigoma, akizamia na mtungi wa hewa mgongoni kukamata samaki wa mapambo wa kupeleka Ulaya. Mashine yake ya kujazia mitungi ilikufa, akaileta Ushirombo, na Ansgar, fundi wa kinu cha pamba, akaifufua.

"Njoo na familia yote mle likizo kwangu," Gregory alisema kwa furaha. "Nitawafundisha kuzamia. Chagueni tu. Mlale kambini ufukweni, muwe mnaingia majini kwa miguu. Au mlale kwenye boti, tuzunguke ziwa, mjitose mnapopenda."

"Boti ina vitanda vingapi vya wageni?" aliuliza Mektilda, mke wa Ansgar.

"Viwili."

"Basi ufukweni," akasema Mektilda palepale.

Gregory alipoondoka, mjadala ukahamia kibarazani.

"Ufukweni unaingia polepole," Mektilda alisema. "Maji ya kifundo, ya goti, ya kiuno. Ukichoka unatoka, unakunywa chai. Boti itanitapisha."

"Hujapanda boti hata siku moja."

"Nimepanda lori la pamba, nikatapika. Na lori halina mawimbi."

Ansgar alitafuna akifikiri. Hoja za mkewe zilikuwa nzito. Mtungi ni chuma. Afadhali kutembea nao mchangani kuliko kuanguka nao kilindini, hasa kwa mtu aliyejifunzia kuogelea kwenye lambo la ng'ombe.

"Labda ni kweli," akasema.

"Kweli kabisa!" Mektilda akadakia. "Na kambini kuna vyumba vingi. Mama tutamweka jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Tena kuta zenyewe ni za matete."

Ansgar akarudisha tonge kwenye sahani. Kuta za matete! Hata kukoroma asingethubutu.

"Tutalala kwenye boti," akasema.

"Na Mama?"

"Atapumzika kambini. Umri wake unataka ardhi."

Mektilda akalalamika, akanuna, akasukuma bakuli la mboga. Ansgar hakutikisika. Ndipo sauti ikatoka jikoni, ikimwendea binti kama ilivyo desturi:

"Mwambie Baba Esta asijisumbue kwa ajili yangu. Nitalala popote penye nafasi."

"Umesikia maneno ya mtu mwenye busara?" Ansgar akamwambia mkewe. Hakuwahi kumsifu mama mkwe kabla ya siku hiyo.

Esta aliachwa kwa shangazi yake. Wakapanda lori hadi Isaka, kisha treni. Wanawake wakakaa behewa la mbele, Ansgar la nyuma, kwa adabu. Njia nzima aliiwaza boti. Angekula meza moja na mkewe. Angemwambia jambo likaishia kwake. Alikuwa amesahau Mektilda anachekaje asipoziba mdomo kwa khanga.

Asubuhi ya kwanza Kigoma, Scolastika, mke wa Gregory, alitangulia ziwani na wanawake kuwajaribisha vifaa. Ansgar akachana nywele, akatupia taulo begani, akashuka na kikapu cha chakula.

Injini ya boti ilikuwa inanguruma, Scolastika ameshika usukani. Juu ya boti waliketi watu wawili wenye miwani ya majini na mapezi ya mpira miguuni. Mmoja alikuwa Mektilda. Wa pili alivaa nguo ya kuogelea ya kuazima, magoti nje, jua likiyamulika.

Ansgar akajifunika taulo usoni.

"Gregory! Yule ni nani?"

"Mama mkwe wako. Kumbe kwao Nkome, amekulia ziwani! Amekaa chini ya maji asubuhi hii mpaka nikaanza kusali. Anataka kwenda na boti."

"Mwambie ashuke."

"Mwambie wewe."

Mkwe hamwamuru mama mkwe ashuke. Ansgar akainua ncha ya taulo na kumpungia mkewe, amfikishie ujumbe. Mektilda alikuwa na mpira wa kupumulia mdomoni. Akamkodolea macho nyuma ya kioo, akatikisa kichwa: hasikii.

"Na mimi je?" Ansgar akauliza.

"Vitanda ni viwili, ndugu yangu," Gregory akasema, akifungua kamba na kurukia botini. "Lakini kambini vyumba vyote ni vyako. Jichagulie."

Boti ikageuza pua, ikaondoka. Ansgar alibaki mchangani na kikapu chake, taulo usoni. Maji husafirisha sauti. Akasikia wanawake wawili wakicheka, kicheko kipana kisichozibwa na khanga, kisha sauti ya Mektilda:

"Si nilikwambia, Mama? Ningeomba boti, angekataa, na saa hizi tungekuwa ufukweni wote watatu."