Maua ya Ukutani

Unga uliobaki ulitosha uji wa bakuli moja tu. Zamda aliukoroga ukawa mzito, akauepua, akaanza kuupaka nyuma ya maua aliyoyakata kwenye kalenda za zamani.

"Mama, nionje kidogo." Shani, bintiye wa miaka minne, alikuwa amemng'ang'ania kanga.

"Hii gundi, mwanangu. Subiri bibi yako aje, aondoke."

Bi Tatu, mama wa marehemu mumewe, alishaapa mbele za watu: akikuta nyumba bado ina nyufa, mjukuu anaondoka naye. Zamda akabandika ua juu ya kila ufa. Akaipasua kanga yake ya harusi, akaitundika dirishani iwe pazia. Hodi ilipopigwa, chumba kilikuwa kinawaka rangi.

Bi Tatu alisimama katikati, akazungusha macho kuta zote nne. Uso ukamlegea.

"Lo, Mama Shani! Kumbe una ufundi hivi? Nilikuonea bure. Mtoto na abaki kwao."

Zamda alishusha pumzi, akageuka kumwita Shani aje amwamkie bibi yake.

Mtoto alikuwa amechuchumaa pembeni, mbele ya ufa mtupu. Ua jekundu lilikuwa mkononi mwake, naye analiramba upande wa nyuma, taratibu, kafumba macho. Alipolimaliza, aliinua mkono kubandua la pili.