Picha ya Ukurasa wa Kwanza

Mwandishi wa habari za uhalifu alipiga hodi akiwa ameshavaa sura ya msiba. Alikuwa amewapiku wenzake wote. Sasa alitaka picha ya kijana aliyeuawa asubuhi ile.

Mama wa kijana alifungua mlango huku anatabasamu, shati la mwanawe mkononi, sindano ikining'inia kwenye uzi.

"Karibu, mwanangu. Rafiki yako bado hajatoka kazini. Keti, namalizia kifungo hiki."

Mwandishi aliketi. Polisi walikuwa hawajafika. Mama wa watu hajui lolote.

Mama alikaza kifungo, akakata uzi kwa meno, kisha akalilaza shati mapajani na kulinyoosha kwa kiganja, taratibu, kama vile mwenyewe yumo ndani.

Mwandishi angeweza kuaga. Angeweza hata kumwita jirani aje amshike mkono. Lakini maneno ya mhariri hayakumtoka kichwani: "Maiti kila gazeti linayo. Niletee machozi."

"Mbona kimya, mwanangu? Kuna nini?"

Alitoa kamera, akapangusa kioo chake.

"Nitakwambia, mama," alisema kwa upole. "Ila kwanza sogea hapa dirishani, kwenye mwanga."