Folda ya Mzee Ngwali

Nimefundisha kompyuta katika miji mingi, ila hili sijalizoea: arobaini ikipita, dirisha la mafaili huficha kila faili lenye jina la marehemu. Bi Zamda, fundi cherehani wa Muheza, alikuja darasani kutafuta sauti ya mumewe, Ngwali.

Kushoto nikamfungulia dirisha, folda tupu. Kulia nikamwekea skrini nyeusi ya amri.

Akaandika "hodi".

"Inasema hainielewi. Hata kukaribisha mgeni haijui?"

"Humo hakuna hodi, Bi Zamda. Andika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, ubonyeze Enta."

Kulia likatokea jina: ngwali. Kushoto bado patupu.

"Kumbe yumo humu humu," akanong'ona.

Nikamwonyesha mv, amri ya kubadili jina. Akaliita faili jina la mjukuu wake, sefu, nalo likajitokeza kushoto. Akalibofya. Mzee akakohoa, akauliza kama chai imetiwa tangawizi. Bi Zamda akacheka huku analia.

Kisha dirisha likauliza: "Mwenye sauti hii yu hai?"

"Nijibu nini, Mwalimu?"

"Mimi nafundisha amri tu."

Akabofya Ndiyo.

Wanafunzi wenzake wakasogeza viti, wakaomba niwaandikie mv ubaoni. Nilitazama mlango kwanza, kuhakikisha hakuna anayetuona, ndipo nikachukua chaki.