Mlio Usio na Upande

Mara nne, kimya, mara mbili. Fundi alibana vipokea sauti masikioni akamwangalia dereva wa boti.

“Bado anagonga.”

“Upande gani?”

“Hana upande.”

Boti ya kazi ilizama jana asubuhi, mkondo ukaiburuta kusikojulikana. Ndani alibaki mpishi, shemeji yake fundi, mtu wa mwisho wa upande wa marehemu mkewe. Maji yalikuwa tope tupu. Mzamiaji wa jana aliibuka akisema hakuona hata kiganja chake. Kilichobaki ni kusikiliza.

Maikrofoni mbili zilining’inia majini, moja mbele ya boti yao, moja nyuma. Mlio ukiwahi kufika kwenye ya mbele, mtu yuko mbele. Ukiwahi ya nyuma, yuko nyuma. Fundi aliomba nne. Mkubwa wa idara akamjibu kwa barua yenye mhuri kwamba binadamu ana masikio mawili na hajalalamika.

Ila huu mlio ulifika kote kwa pamoja.

“Labda yuko ubavuni,” dereva akasema. “Tuigeuze.”

Wakaigeuza kwa kasia, pua ikatazama nchi kavu. Kwa pamoja. Wakaigeuza tena. Kwa pamoja.

“Shemeji yako naye ana mambo. Hata hapa hataki kuchagua upande.”

“Ndivyo alivyo. Nikigombana na dada yake, alikuwa hivyo hivyo.”

Simu ikalia. Mkubwa alikuwa ofisini, kijiko kikikoroga kikombe.

“Mmepata upande?”

“Bado, mzee. Mlio unafika kote sawa.”

“Basi mashine imekufa. Rudini, msinichomee mafuta.”

“Kuna mtu anagonga, mzee.”

“Anagonga wapi?”

Simu ikakatwa.

Dereva akavuta nanga. Haikuja. Wakavuta wote wawili, mpaka boti ikainama.

“Imenasa kwenye mwamba,” dereva akasema, akimpa kisu. “Kata tu, kaka. Wakiuliza, waambie nimekata mimi.”

Fundi akavua vipokea sauti, akavilaza kitini taratibu. Akaishika kamba, imekaza kama waya, akaiwekea makali ya kisu.

Kamba ikatetemeka kiganjani mwake. Mara nne, kimya, mara mbili.