Deni la Bi Pasi

Simu aliitumbukiza ndani ya kapu la nguo chafu, chini kabisa, chini ya mashuka ya nyumba ya wageni, lakini ikaendelea kulia. Bi Pasi akajitia hasikii. Akaisukuma pasi juu ya kola ya shati, akairudisha, akaisukuma tena, mpaka kola ikaanza kunuka kuungua.

"Pokea hiyo simu kabla hujanichomea mali ya watu," bosi wake alisema kutoka kwenye kaunta.

Bi Pasi ni jina alilopewa na wateja, naye alilipenda. Hakuna aliyemuuliza lingine. Alikuja kuomba kazi hapo kwa dobi akiwa na mfuko mmoja wa nguo, akasema ni mjane, na kwamba ameshakaa miji miwili mitatu kabla ya huo. Mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri tangu uvunjike. Watu aliwaambia aliteleza kwenye ngazi. Lakini kwa ule wa kulia alinyoosha suruali mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate.

Akaifukua simu.

"Dada, habari za kazi?" Sauti ilikuwa ileile, laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Ikalitaja jina lake kamili, mpaka la babu, jina ambalo hapo mjini hakumwambia mtu. "Deni lako linazidi kukua. Sema tu uko wapi, tuje tuyamalize kiungwana."

"Sikukopa kwenu. Sijawahi kukopa kwa mtu yeyote."

"Kitambulisho ni chako, dada. Jina ni lako. Uko wapi?"

Akakata.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mvua zianze. Mwanzoni alidhani watu hao wa kampuni ya mikopo wamekosea mtu, akawaeleza kwa upole. Baadaye akawafokea. Baadaye akawalilia. Walipoona halipi, wakaanza kuwapigia watu wake. Sijui waliichimbua wapi namba ya mwenye nyumba, wakamwambia mpangaji wake ni tapeli. Na mama yule, aliyekuwa akimgawia mboga kila akipika, sasa akimwona uani anafunga mlango wa jiko. Bosi naye hawakumwacha.

"Jana kutwa wamenikalia kooni," bosi alisema, akikunja mataulo kwa hasira. "Wanataka niwaelekeze duka lilipo. Sikuwaambia. Lakini mdogo wangu, tuambiane ukweli. Mtu hahamihami bure. Hilo jina wanalokuita ni lako?"

"Ni langu."

"Na deni?"

"Si langu, dada. Naapa si langu."

"Basi nenda polisi na kitambulisho chako, useme kuna mtu anatumia jina lako."

Bi Pasi akainamisha kichwa. "Polisi siwezi."

"Siwezi, siwezi! Ndivyo anavyoongea mtu asiye na hatia?" Bosi akashusha pumzi, na sauti yake ikashuka nayo. "Mimi nina watoto wa kulisha. Wakianza kuwapigia wateja, nimekwisha. Malizana nao wiki hii, au utafute pengine."

Pengine. Alilitafuna neno hilo akiwa amesimama katikati ya mashati yaliyoning'inia pande zote, mvuke umetanda, mlango ni mmoja. Kufunga mfuko tena. Kujieleza tena kwa mwenye nyumba mwingine, kwa bosi mwingine, na watu hawa wamfuate hukohuko. Alikuwa amechoka. Hakuwahi kuchoka hivyo, hata siku zile za nyuma ambazo hakupenda kuzikumbuka.

Simu ilipolia tena, hakungoja salamu.

"Njooni basi! Njooni na makaratasi yenu, mnionyeshe sahihi yangu iko wapi." Akataja mtaa, akataja duka, akaeleza mpaka rangi ya mlango.

"Asante sana, dada," sauti ikasema, na kwa mara ya kwanza haikulitaja deni.

Kijana aliyekuja kesho yake hakuwa wa kutisha hata kidogo. Alikuwa mwembamba, shati lake limejikunja mgongoni, na alipiga hodi kwa adabu. Bosi akatoka nyuma ya kaunta, akasimama bega kwa bega na Bi Pasi, mikono kiunoni, tayari kwa vita.

"Nimeleta habari njema," kijana alisema. "Deni limelipwa. Lote, na riba yake. Faili tumelifunga leo asubuhi. Hatutakusumbua tena, na kwa yaliyopita, tunaomba radhi."

Bi Pasi akakaa juu ya rundo la mashuka, akacheka, akalia, kisha akafanya vyote pamoja. Bosi akamkumbatia huku akijifuta macho kwa taulo la mteja.

"Nilijua mimi!" bosi alisema. "Nilijua huyu hana deni la mtu!"

"Mungu awabariki," Bi Pasi alisema, akihangaika kupata pumzi. "Kumbe mlimpata? Huyo aliyekopa kwa jina langu, mlimpata?"

"Wala hatukumtafuta. Alikuja ofisini mwenyewe, shemeji."

Kicheko kikamkatika Bi Pasi.

"Mumeo anakupenda, jamani," kijana aliendelea, akitabasamu. "Anasema amehangaika miaka. Polisi wameshindwa, ndugu zako wamekataa kusema. Mwisho akaona, kama kuna watu wasioshindwa kumpata mtu, ni sisi." Akageuka kutazama mlangoni. "Yuko hapo nje, anaegesha gari."