Isale la Mama Jesse

Mama Jesse, mtu mzima ninayemwamkia shikamoo, alipiga magoti mlangoni kwangu akaninyooshea jani la isale kwa mikono miwili.

"Nimekuja kumwombea kijana wangu msamaha," alisema. "Alikuibia, na ameshalipa. Nisamehe na mimi niliyemzaa."

Kwetu Uru, ukiletewa isale huwezi kukataa. Hata aliyemuua ndugu yako, akija na jani hilo, unampokea.

Lilikuwa bichi, limefungwa fundo moja, na kwenye kikonyo lilikuwa na udongo mwekundu wa kihambani kwao, shamba la ukoo walikomzika Jesse jana.

Yowe nilipiga mimi. Juzi niliikuta kamba ya ndama bila ndama, nikamwona Jesse akikatiza migombani, nikapaza sauti: mwizi! Tangu kahawa ianguke bei, watu wana hasira na wezi. Wanaume walifika na mapanga, hakuna aliyeniuliza nimeona nini. Na mimi sikusema kwamba sikumwona na ndama.

"Pokea, mwanangu," alisema Mama Jesse. "Nipate usingizi."

Nilitazama fundo lile. Alfajiri ya leo, nikienda kuchota maji, nilimkuta ndama wangu amenasa mferejini, matope mpaka masikioni, mzima. Nilimrudisha bandani, nikafunga mlango, nikanyamaza.

Nilinyoosha mkono. Vidole vyangu vilipoligusa jani, nyuma ya nyumba ndama akalia.

Mama Jesse akainua uso.